Dadu ya Mwanaidi na maji ya Nunge

Dadu ilizama karibu yote, ikabakiza juu ya maji upande mmoja tu, mdogo kama ukucha wa mtoto. Upande huo ulikuwa na namba 13. Mwanaidi akaisukuma chini kwa kijiti cha mshikaki. Ikazama, ikajigeuza, ikapanda tena taratibu na kuleta 6. Akaisukuma tena: 17. Tena: 2. Tulikuwa watu watano tumeinamia glasi moja ya kunywea chai barazani kwa shangazi yangu, hapa Bagamoyo, na hakuna aliyesema kitu. Mwanaidi ndiye aliyenyanyua macho kwanza, akaniangalia mimi.

Alikuwa na haki ya kuniangalia vile. Wiki mbili kabla, mbele ya wote, mimi ndiye niliyesema kwamba dadu yake ina namna.

Kwa asiyejua tunachocheza, nieleze. Kila Jumamosi baada ya Isha tunakutana kucheza mchezo wa uhusika, ule uliotoka Marekani mwaka 1974 mikononi mwa Gary Gygax na Dave Arneson, unaoitwa Dungeons & Dragons. Hauna ubao wala timu mbili zinazoshindana. Mtu mmoja anasimulia, sisi tunamwita nahodha, na wengine kila mmoja anavaa uhusika wake: mganga, mpiga mbizi, mwizi, askari. Hadithi yetu tumeihamishia pwani, ina majahazi na visima vyenye majini na misafara inayotoka bara. Unasema unachotaka kufanya. Kama jambo ni jepesi, linafanyika. Kama lina mashaka, mfano unataka kuruka kutoka jahazi moja hadi jingine usiku na bahari imechafuka, nahodha anakwambia: rusha dadu.

Dadu hiyo ina pande 20. Ukipata 20 kwenye shambulio, umepiga hata kama adui ana ngao ya chuma, na madhara yanaongezeka. Ukipata 1, umekosa, hata uwe shujaa wa namna gani. Namba 18 za katikati zinajumlishwa na uwezo wa mhusika na kulinganishwa na ugumu wa kazi. Kwa hiyo kila namba ina thamani, lakini zile mbili za mwisho, ya juu kabisa na ya chini kabisa, ndizo watu wanazozishangilia na kuzililia.

Shangazi alipotuona mara ya kwanza na dadu mezani alisimama mlangoni na kitenge chake begani. "Mwanangu, hiyo si kamari?" Nikamwambia hakuna senti inayowekwa, hakuna anayekula cha mwenzake, dadu inaamua tu kama mtu wa kwenye hadithi amevuka mto au ameanguka. Akafikiri. Akasema, "Basi pesa isikanyage meza hii hata siku moja." Haijakanyaga. Mzee jirani, bingwa wa bao wa mtaa wetu, yeye alikuwa na pingamizi la aina nyingine. Kwake mchezo wenye dadu una upungufu, kwa sababu kwenye bao ukifungwa umefungwa wewe, hakuna cha kusingizia. Nakubaliana naye kuhusu bao. Lakini nilimjibu kwamba kwenye hadithi tunahitaji kitu kisichomjua mtu: kisichojua nani ni rafiki wa nahodha, nani kaleta vitumbua, nani ni mgeni. Hiyo ndiyo kazi ya dadu. Ndiyo maana, nikiambiwa kwamba dadu fulani inamjua mtu, moyo unanienda mbio.

Na mimi nikaamini kwamba ile ya Mwanaidi inamjua Mwanaidi.

Aliinunua Dar es Salaam, seti ya dadu saba za rangi ya bahari ya jioni, zenye chengachenga za dhahabu ndani. Tangu siku alipoileta, 20 zilianza kumiminika. Jumamosi moja alipata nne. Nahodha alicheka, wengine wakapiga makofi, mimi nikawa nahesabu. Kazi yangu ni kupima ardhi. Nimezoea kuamini kwamba kipimo kikikosea upande uleule kila mara, tatizo liko kwenye chombo. Jumamosi iliyofuata zikatoka nyingine tatu, na mdomo ukanitoka: "Dada, dadu yako ina namna." Sikusema anadanganya. Lakini kwenye meza ya watu watano maneno hayo mawili hayako mbali, na nilimwona alivyozikusanya dadu zake, moja baada ya nyingine, akazirudisha kwenye mfuko bila kusema neno. Kwa jioni iliyobaki aliazima ya mwenzake.

Wiki ile nilisoma sana. Ajabu ya kwanza niliyokutana nayo ni kwamba umbo hili la pande 20 si geni hata kidogo. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ziko dadu za pande 20 zilizotoka Misri ya zama za Watolemi na Warumi, zimechorwa herufi za Kigiriki. Ni moja ya maumbo matano tu ambayo pande zake zote zinalingana na pembe zote zinalingana: la pande 4, 6, 8, 12 na 20. (Dadu ya pande 10 tunayoitumia haimo katika ukoo huo. Ni umbo jingine lililobuniwa kwa njia nyingine, ingawa nalo pande zake zinalingana.) Kwa hesabu, basi, dadu ya pande 20 ni ya haki kamili. Tabu inaanza inapogeuka kuwa plastiki.

Dadu za kawaida humiminwa kwenye kalibu. Plastiki ikipoa hunywea, na hainywei sawasawa kila mahali. Kisha dadu hutiwa kwa mamia kwenye pipa linalozunguka pamoja na changarawe za kusugulia, zing'ae na zipoteze ncha kali. Rangi ikishapakwa ili ibaki ndani ya namba, husuguliwa tena. Ndani ya pipa lile hakuna anayehakikisha kwamba kila ukingo umelika kiasi kilekile. Mmarekani Lou Zocchi, mtengenezaji dadu wa siku nyingi, alitumia miaka kuwaeleza watu jambo hili. Alikuwa akipanga dadu za pande 20 juu kwa juu katika minara, dadu za aina ileile, na minara ile haikulingana urefu. Za kwake alizitengeneza zenye ncha kali, hazipiti kwenye pipa, ingawa nazo zilibaki na kovu dogo pale zilipokatwa kutoka kwenye kalibu, na wapo walioliona kovu hilo kuwa kasoro vilevile. Mwaka 1985 mtu huyohuyo alileta dadu ya pande 100, karibu mpira wa gofu. Walioijaribu waliona kuwa namba zake hazitoki kwa usawa.

Dadu za kasino ni kitu kingine kabisa. Ncha zake ni kali, mwili unapenyeza mwanga ili yeyote aone ndani, na vitobo vya nukta hujazwa rangi yenye uzito uleule wa plastiki iliyotobolewa. Sisi hatuna hizo, na za namna hiyo ni za pande sita.

Sasa, ndani ya dadu ya Mwanaidi mlikuwa na chengachenga za dhahabu, na mahali penye chengachenga panaweza kuwa na kiputo cha hewa. Kiputo kikiwa karibu na upande wa 20, upande huo ni mwepesi, na wa 1 ulio kinyume chake ni mzito. (Kwenye dadu ya pande 20 namba zinazotazamana hujumlika 21, kama zile za pande sita zinavyojumlika 7.) Njia ya kukijua kiputo inajulikana kwa wachezaji wengi: iache dadu ielee kwenye maji ya chumvi. Upande mwepesi utapanda juu kila mara.

Nilianza na maji ya bahari, nimechota mwenyewe pale ufukweni. Dadu ikaenda chini kama jiwe. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya kisima kwa asilimia mbili na nusu hivi, na plastiki ya dadu inayapita kwa mbali. Nikatia chumvi ya jikoni, nikakoroga, nikatia tena mpaka ikawa inabaki chini haiyeyuki. Dadu ikasita, ikainuka kidogo, ikalala tena. Maji yaliyoshiba chumvi yanakaribia uzito wa 1.2 ukilinganisha na maji matamu, na plastiki ngumu ya aina ile iko kwenye 1.18 au zaidi, kwa hiyo ni kuvutana kwa unywele. Rezini nyingine, yaani plastiki za aina nyingine, hazielei kabisa.

Ndipo nikakumbuka kwamba naishi Bagamoyo. Kule Nunge, kwenye mashamba ya chumvi, maji ya bahari hupitishwa kutoka bwawa hadi bwawa, jua likiyanywa kidogokidogo, mpaka yanafika kwenye vitalu vya mwisho ambako chumvi inaganda yenyewe. Maji ya vitalu vile wenye kazi hawayaonji ili kujua yamefika wapi. Yanapimwa kwa haidromita, chombo cha kupimia uzito wa majimaji, na yakikaribia digrii 25 za kipimo cha Baumé chumvi huanza kushika. Hapo uzito wake ni kama 1.21. Niliomba chupa moja. Kijana aliyenichotea alivaa gambuti, akainama kwenye kitalu chenye ukoko mweupe unaokatika kama ngozi ya maziwa, akanipa chupa ya maji ya lita moja na nusu. Niliishika, mkono ukaona uzito. Maji yenyewe ukiyasugua vidoleni yana utelezi kama mafuta.

Ndiyo yale yaliyokuwa kwenye glasi ya shangazi. Na ndani yake dadu ya Mwanaidi ilielea, ikajigeuza itakavyo, ikaleta 13, 6, 17, 2, 11, 9. Hapakuwa na kiputo. Hapakuwa na upande mwepesi.

Ningeweza kuishia pale na kuomba radhi. Ila kuna jambo ambalo maji ya chumvi hayalioni, na kisanduku cha kiberiti kinalieleza vizuri kuliko kitabu. Chukua kiberiti kilichojaa, uzito wake uko katikati kabisa. Kirushe. Kitalala kwa mgongo au kwa tumbo, mara chache kwa ubavu, na kusimama wima ni nadra. Uzito uko sawa, umbo ndilo linaloamua. Upande ulio karibu zaidi na katikati ya kitu ndio unaopenda kukaa chini au kutazama juu. Maji yangeniambia kwamba kiberiti hakina kasoro.

Basi nikaazima kipimo cha venia, kile kinachobana kitu na kusoma unene wake hadi sehemu ndogo za milimita, kwa fundi kereza ninayefahamiana naye. Dadu ya pande 20 ina jozi 10 za pande zinazotazamana, kwa hiyo ni vipimo 10. Nilipima kila jozi mara tano, maana kidole kikibonyeza zaidi tarakimu inabadilika. Jozi tisa zilikaa karibu na milimita 20.1, zikipishana kwa kiasi kidogo mno. Ya kumi ilikuwa 19.7. Nikaifuta dadu kwa kanga, nikapima tena. 19.7. Jozi ile ilikuwa ya 1 na 20.

Nilikaa na kipimo mkononi muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimeelewa nilichokifanya. Dadu iliyobonyea kati ya 1 na 20 haipendi 20 peke yake. Inapenda 20 na inapenda 1, kwa kiasi kilekile. Kila inapomwinua Mwanaidi, mahali fulani inamwangusha vilevile. Na mimi, niliyekuwa nahesabu, nilihesabu zile 20 tu. Mhusika wake alikuwa ameanguka kisimani, akapoteza upinde, akateleza kwenye ngazi ya jahazi mbele ya maharamia. Tulicheka, tukapita. Hakuna aliyesema dadu ina namna alipopata 1.

Nilimpigia simu. Akasema, "Njoo tuirushe. Sitaki uniamini kwa kipimo chako, na mimi sitaki kujiamini kwa kumbukumbu yangu."

Tuliirusha mara 1,000 kwa jioni tatu, ndani ya sinia lenye kitambaa, mmoja anarusha, mwingine anaandika kwenye daftari la mistari, vijiti vinne na cha tano kinakatiza. Kwa nini 1,000? Kwa sababu chache hazisemi kitu. Ukirusha mara 100, kila namba inatarajiwa mara 5, lakini dadu ya haki kabisa inaweza kukupa namba moja mara 9 na nyingine mara 2 bila ubaya wowote. Kwa jioni moja mtu hurusha mara 30 hivi. Kupata 20 nne kwa jioni moja si jambo la kila siku, lakini meza ya watu watano inayokaa mwaka mzima italiona mara kadhaa, dadu yoyote iwayo. Ushahidi wangu wote wa mwanzo ulikuwa huo. Kwa 1,000, kila namba inatarajiwa mara 50, na kuyumba kwa kawaida ni kama 7 juu au chini. Ikifika 64 unaanza kuitazama. Ikipita 70 kuna kitu.

Yetu ilitoa 20 mara 78. Ilitoa 1 mara 74. Nyingine zote ziligawana zilizobaki bila fujo. Wastani wa dadu nzima ulibaki pale unapotakiwa kuwa, kwenye 10 na nusu, kwa sababu ya juu na ya chini zilivutana na kufutana. Kama ningepima kwa wastani peke yake ningesema dadu hii ni safi.

Katikati ya kazi ile, usiku wa pili, Mwanaidi aliuliza kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kukaa hivi. Nikamweleza habari za Weldon, mwanabiolojia wa Uingereza, ambaye mwaka 1894 alimwandikia mwanasayansi mwenzake Galton matokeo ya dadu 12 zilizorushwa kwa pamoja mara 26,306. Hiyo ni dadu 315,672 zilizosomwa moja moja. Badala ya 5 na 6 kutoka theluthi moja ya mara zote, yaani 0.3333, zilitoka 0.3377. Tofauti ndogo hivyo isingeonekana kwa jioni mia. Mwanahisabati Karl Pearson alizitumia hesabu hizo mwaka 1900 alipotoa kipimo chake cha kujua kama matokeo yamepotoka kupita bahati, kipimo ambacho wanafunzi wa takwimu wanafundishwa mpaka leo. Maelezo ya siku zile yalikuwa matundu ya nukta: upande wa 6 umetobolewa zaidi, kwa hiyo ni mwepesi. Mwaka 2009 Zacariah Labby wa Chuo Kikuu cha Chicago aliirudia kazi yote kwa mashine yenye kamera, mara 26,306 vilevile. Dadu zake zilipendelea 1 na 6. Alipozipima, kutoka 1 hadi 6 palikuwa pafupi kidogo kuliko njia nyingine mbili. Mwanaidi akaweka kalamu chini. "Kama yangu," akasema.

Kama yake hasa. Na ukirudi nyuma zaidi, dadu za Warumi nyingi hazina mraba wa kweli, zimelala kama matofali. Mwaka 2022 Jelmer Eerkens na Alex de Voogt walichapisha utafiti juu yake, na huyu de Voogt ni yule aliyewahi kuwachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar. Kwenye dadu zilizopinda, 1 na 6 mara nyingi ziko kwenye zile pande pana. Maelezo waliyoyapata hayahitaji mdanganyifu: nukta sita zinataka nafasi, na upande mpana ndio wenye nafasi. Nimelifikiria sana jambo hilo. Fundi anatoboa pale panapotoboleka, na mtu mwingine, mbali kabisa naye, anaitwa mwizi.

Jumamosi iliyofuata niliomba radhi kabla dadu haijarushwa, mezani palepale nilipomtuhumu, na shangazi akiwepo, kwa sababu naye alikuwa amesikia. Nikafungua daftari, nikawaonyesha vijiti. Mwanaidi aliyapokea maneno yangu kwa heshima, kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikia: "Sasa hii dadu tuitupe?"

Tulibishana mpaka karibu saa sita usiku. Kwenye ludo, dadu iliyopotoka haimwonei mtu, kwa sababu ni moja na inazunguka kwa wote. Ikipenda 6, inampendea kila mmoja 6. Sisi kila mtu alikuja na yake. Pale ndipo palipokuwa na ufa, na ungekuwepo hata kama dadu zote zingekuwa nzuri, maana hakuna aliyejua. Nahodha alipendekeza dadu moja mezani, itumiwe na wote, hata na yeye anaporusha kwa ajili ya maharamia na majini. Mwanaidi akasema iwe yake. Kila mtu sasa anajua inachokipenda, akasema, na maharamia nao waonje kisima.

Hivyo ndivyo tunavyocheza sasa. Dadu iko kwenye kifuu cha nazi katikati ya meza. Jumamosi iliyopita nahodha aliitupa kwa niaba ya nakoa, mkuu wa jahazi la maharamia, ikaleta 1, na nakoa akaanguka baharini na panga lake.

Chupa ya Nunge bado iko dirishani kwangu. Chumvi imeanza kuganda shingoni, vipande vya mraba vinavyokaribia ukamilifu kuliko dadu yoyote niliyoipima. Nimebakiza dadu sita za seti ya Mwanaidi. Ya pande 8 ina jozi nne tu za kupima, nitaanza na hiyo.